Oveni za Sebuleni kwa Phares

Ukitaka kumkasirisha Phares Odongo, usijisumbue kumtukana. Mwambie tu kwamba mshono wake wa kuchomelea umeachana mahali. Atavua miwani, ataifuta kwa upindo wa ovaroli yake, kisha atakuuliza ni wapi, na usipoweka kidole hapo hasa penye ufa, ujue urafiki wenu umepata dosari. Amekuwa fundi wa kuchomelea pale Kariobangi, Nairobi, tangu kichwa chake hakijaota mvi hata moja, na jambo analojivunia kuliko yote ni kwamba hakuna chuma alichokiunga yeye kikarudishwa kimeachana. Ameunga malango, vitanda, viti vya kanisa na vikalio vya matangi ya maji. Miaka ya karibuni ameshika kazi moja tu, oveni za kuokea mikate, na ni hizo oveni zilizotaka kumwaibisha mbele ya wakwe.

Zenyewe, tusimnyime haki yake, zilikuwa nzuri. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, ya gesi, yenye kuta mbili za bati na pamba ya kuzuia joto katikati. Wala hapakuwa na oveni iliyotoka mikononi mwa Phares bila kuokewa mkate wa kwanza. Hiyo ilikuwa kazi ya binti yake wa pekee, Amondi, tangu siku zile alipokuwa akitoka shule na sare yake na kuja kumngoja baba kibandani. Mkate huo hauuzwi. Unakatwa, mafundi wa jirani wanapewa vipande vyao, na Phares anachukua kile cha pembeni kilichoungua kidogo, anakila akiwa amesimama. Akisema, "Imekubali," basi kazi imekwisha. Amondi alijua kuoka kwa njia hiyo, oveni baada ya oveni, na kila alipoizoea moja, mnunuzi alikuja akaichukua.

Mambo yaliharibika pale mwenye kiwanja alipoamua kujenga vibanda vingine katika uwanja ambao mafundi walikuwa wakipanga kazi zao zilizokamilika. Phares alibakiwa na nafasi ya kufanyia kazi, basi. Akimaliza oveni moja hana pa kusimama aanze ya pili, na hakuna fundi mwenye akili timamu anayeacha chuma nje jioni akitumaini kukikuta asubuhi. Ndipo oveni zikaanza kuja nyumbani kwake, mtaa wa Jericho, zimelazwa juu ya mkokoteni, Phares akitembea kando ameziwekea mkono kama mtu anayesindikiza mgonjwa hospitali.

Nyumba za Jericho tunazijua. Kuingiza oveni ya kwanza, ilibidi mlango ung'olewe kwenye bawaba na wasukumaji wavute matumbo ndani. Apondi, mke wake, hakugomba. Aliitandikia kitambaa cha kufuma, akaweka maua juu. Ya pili ilipokuja akaifanya meza ya televisheni. Ya tatu ililifukuza kochi kubwa likaenda chumbani, wakawa wanakwenda kulala kwa kupitia juu ya kochi. Ilipoingia ya nne, Apondi hakutandika kitambaa wala kuweka maua, na Phares aliyemzoea mkewe alijua hapo sasa mambo yamefika mbali.

Zote nne zilikuwa za mteja mmoja, Shamso, mwanamke mwenye duka la vyombo vya jikoni Eastleigh. Shamso alikuwa na jamaa na wateja wengi Garissa, watu wa mikahawa na mikate, na alikuwa ameziagiza kwa moyo mmoja. Kilichomshinda ni safari. Mwenye lori hakuangalia uzito, aliangalia nafasi, na oveni moja ilikaa mahali pa magunia mengi ya sukari. Nauli yake ilikuwa imekaribia bei ya oveni yenyewe. Kila wiki Shamso alisema wiki ijayo, na kila wiki Apondi alifagia kuzizunguka.

Hali ingeendelea hivyo mpaka leo, maana Phares ni mtu wa kuvumilia usumbufu alioutengeneza mwenyewe, kama si Amondi kuleta habari. Alikuwa amepata mchumba. Kijana aliitwa Ndambuki, mwalimu wa shule moja huko Kibwezi, mpole, mrefu, mwenye tabia ya kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu. Phares alijaribu kumtafutia kosa akakosa, na hilo lenyewe lilimuudhi. Sasa wazee wa Ndambuki walikuwa wameomba waje kubisha hodi Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Baba Amondi," Apondi alisema jioni hiyo, akiwa amekaa kwenye kigoda katikati ya oveni mbili, "wageni watakaa wapi?"

"Sebuleni."

"Sebuleni kumekaa oveni."

Jirani mmoja alishauri wakodi hema wasimamishe nje, penye waya za kuanikia nguo. Phares alimtazama kana kwamba amependekeza wageni wapokelewe kituo cha polisi. "Mtoto wangu hakulelewa kwenye hema," alisema. "Wanakuja kumwomba kwangu. Wataingia kwangu, wataona kuta zangu, watakunywa chai wakiwa ndani." Na ni kweli kwamba kwa watu wa rika lake jambo hilo si la mzaha. Mzee asiyeweza kuwakalisha wakwe chini ya paa lake, hata kama ni la kupanga, atasemwa katika kila msiba na kila harusi ambamo ndugu zake watakutana. Amondi alipima kwa macho nafasi iliyobaki na Phares alimwona akifanya hivyo. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya mtu yeyote.

Asubuhi yake alimwita Shamso aje aone mzigo wake mwenyewe. Shamso alifika, akapita kiubavu, akasalimiana na Apondi, kisha akabisha kwenye ubavu wa oveni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza inavyolia.

"Fundi, ndani ya hii kitu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Si ni oveni?"

"Na mimi nalipa lori ibebe hakuna kitu mpaka Garissa." Alicheka, lakini si kwa furaha. "Wewe unatengeneza vizuri, wallahi. Lakini unanitumia hewa. Nifanyie ya kufunguka. Bati kando, vyuma kando, mlango kando, kila kitu kilale kimoja juu ya kingine. Ikifika kule mtu anafunga bolti, kwisha."

"Shamso, hicho unachosema ni kitanda cha mbao."

"Kitanda changu kimehama na mimi kila nyumba niliyokaa, na bado nakilalia."

Phares alivua miwani akaifuta. Alimweleza, kwa utaratibu wa mtu anayemvumilia mgeni, kwamba oveni ni kitu cha moto, kwamba moto hutafuta upenyo, kwamba bolti hulegea na nati hupotea, na kwamba jina lake mjini limejengwa juu ya mshono. Shamso alisikiliza yote. Mwisho akasema kwamba binamu yake Nimco anafungua duka la mikate Garissa na anataka oveni kubwa, ya safu mbili, na kama Phares anaweza kumtengenezea ya kufunguka, aitengeneze. Kama hawezi, atamtafuta anayeweza. Halafu akamuaga Apondi kwa heshima na kupita kiubavu kutoka nje.

"Usinitazame hivyo," Phares alimwambia mkewe.

"Mimi nimekutazama?" Apondi alisema, na kuendelea kuchambua mchele.

Aliitengeneza. Aliitengeneza akiwa amenuna, akigombana na kila tundu alilolitoboa, lakini mkono wa fundi haujui kununa, na kazi ikatoka safi. Kila kipande aliandika namba kwa chaki ya mafuta: moja inakutana na moja, mbili inakutana na mbili. Alipovilaza vipande vyote na kuvifunga kwa mkanda, ile oveni ya safu mbili, ambayo ikisimama inamzidi urefu, ililala chini isipite goti. Mafundi wa vibanda vya jirani walikuja kuangalia. Phares aliwaambia ni matakwa ya mteja.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake, na ni kosa ambalo fundi wa kuchomelea peke yake ndiye angeweza kulifanya. Mzigo ulipokuwa umeshafika Garissa salama, umepenya katikati ya magunia bila mtu kulalamika, alimpigia Nimco simu. Alimwambia bolti ni za kushikilia tu kwa muda. Akishamaliza kuzifunga, amtafute fundi wa huko apitishe mshono kwenye pembe zote, juu mpaka chini, ili kitu kiwe kitu. Hakumwambia Shamso. Hakumwambia Apondi. Alikata simu akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ianze.

Jibu alilipata dukani kwa Shamso, wiki ya pili, alipokwenda kuuliza kama lori limepatikana la zile nne. Shamso alimpa simu yake atazame video. Wanaume wawili walikuwa wakivunja fremu ya mlango kwa nyundo, vumbi limejaa, na sauti ya mwanamke nyuma ya kamera inacheka mpaka inakatika. Nimco alikuwa ameiunganisha oveni kwenye stoo ya nyuma, penye kivuli na soketi ya umeme, akipanga kuisukuma baadaye mpaka chumba cha kuokea. Fundi wa huko akaja, akapitisha mshono kama alivyoagizwa, akalipwa, akaondoka. Ndipo ikaonekana kwamba oveni na mlango wa stoo havipatani.

"Nilikuomba kitu kinachopita mlangoni," Shamso alisema. "Ukakituma kinapita mlangoni. Halafu ukapiga simu kikafungiwa ndani."

Phares aliitazama video mara ya pili. "Mshono umeshika?"

"Umeshika sana, fundi. Ukuta ndio umeachana."

Hapo wote wawili walicheka, Shamso kwa sauti na Phares kwa mabega tu. Lakini alipotoka nje ya duka mabega yalitulia. Alitembea kwa miguu mpaka Soko la Burma, alikokuwa amepanga kuagiza nyama ya siku ya wageni, na mwenye bucha alipomuuliza watakuwa watu wangapi, Phares alishindwa kujibu. Alikuwa anafikiria watakaa wapi. Siku zilikuwa zimekwisha, lori halikuwapo, na zile nne zilikuwa bado zimesimama sebuleni kwake, zimeungwa kila pembe, hakuna hata moja inayofunguka. Aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na hofu: binti yake angeomba radhi kwa wageni kwa ajili ya baba yake.

Siku iliyofuata mkokoteni ulirudi Jericho. Mlango uling'olewa tena kwenye bawaba, na oveni zikatoka moja moja kurudi Kariobangi zilikozaliwa. Apondi alijifunga leso kiunoni akaenda naye, kwa sababu kazi ya kukata ilihitaji mtu wa kushika bati lisiruke, na kwa sababu alimjua mumewe.

Phares alivaa miwani ya kazi. Alichukua grainda, mashine ya kukatia chuma, akaiwasha, akaileta karibu na pembe ya oveni ya kwanza, kisha akaizima. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Ulikuwa mshono mzuri, umelala sawasawa, bila kovu.

"Hizi niliziunga vizuri, Mama Amondi," alisema. "Hazikuwa na kosa."

"Najua."

"Kitu kisichoungwa kinaaminika vipi? Mtu anaweza kukifungua wakati wowote."

Apondi alikuwa ameshika bati kwa mikono miwili, na hakuliachilia. "Na mimi je?" alisema. "Nani alinichomelea kwako?"

Phares aliishusha grainda. Miaka yote hiyo: nyumba ya kupanga, vumbi la chuma kwenye mashuka, miezi ambayo kazi haikuwapo, oveni nne sebuleni. Apondi alikuwa na ndugu Kisumu ambao wangempokea siku yoyote, na siku zote alijua njia ya kituo cha basi. Phares alimtazama mkewe kwa muda, na alimpenda wakati ule kwa nguvu iliyomshangaza, mzee mzima, katikati ya kelele za Kariobangi. Halafu akawasha grainda akakata.

Walifanya kazi mpaka mikono ikawa mizito. Kila mshono aliokata, aliweka mahali pake kipande cha chuma chenye matundu, na kila tundu likapata bolti yake. Ya kwanza ilipokuwa tayari aliifungua yote, akaifunga tena, akampigia simu Amondi. Amondi alikuja na unga uliokwisha kandwa, ameufunika kwa kitambaa, kama alivyokuwa akija siku zote. Alipowasha gesi, Phares alilala chini akaangalia kila kiungo kutafuta moto unaopenya. Hakuuona. Mkate ulipotoka alichukua kipande cha pembeni, akakila amesimama, akachelewa kumeza.

"Imekubali?" Amondi aliuliza.

"Imekubali," alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri mbele ya mchungaji.

Shamso alisema lori lake litapita Jumatatu, na safari hii litazichukua zote nne katika nafasi iliyokuwa inamezwa na moja. Lakini Jumatatu ni baada ya Jumamosi. Oveni zilirudi nyumbani zikiwa mafurushi manne ya vipande; mawili Apondi aliyaingiza chini ya kitanda. Mawili mengine aliyalaza sebuleni kando ya ukuta, akayatandikia blanketi, juu ya blanketi vitambaa vya kufuma, na kochi likarudi mahali pake. Sebule ilionekana kubwa kuliko siku waliyohamia. Apondi alimwonya mumewe mapema asubuhi: wageni wakikaa kwenye yale mafurushi, asifungue mdomo wake kueleza ni nini.

Wageni walifika wakiwa wamevaa vizuri na wamebeba sukari, majani ya chai na blanketi la kumpa Apondi. Msemaji wao alikuwa mjomba wa Ndambuki, mzee mnene mwenye koti la kaki na sauti iliyozoea kuongoza maombi. Walikaa, wote, wasibaki hata mmoja mlangoni. Phares alihesabu kwa macho, akamtazama Amondi aliyekuwa akipita na chai, na Amondi akamkonyeza.

Mambo yalikwenda kwa taratibu zake. Watu walitambulishana, wakaulizana habari za mvua na za njia, wakala nyama na chapati na mkate wa Amondi. Mjomba alikuwa amekalia furushi moja, na kila alipojigeuza alilipigapiga kwa kiganja, maana lilikuwa halisogei hata kidogo chini ya uzito wake.

"Benchi zenu ni imara, mzee," alisema. "Kwetu hizi hakuna."

Apondi alimtazama mumewe. Phares alikunywa chai. Alikunywa tena. Halafu ikamshinda. "Si benchi," alisema. "Ni oveni."

Mjomba aliinua upindo wa blanketi, akaona bati na namba za chaki, akaliteremsha taratibu. "Nimekalia oveni," aliwatangazia watu wake, na alipoanza kucheka hapakuwa na wa kumzuia, hata Ndambuki aliyekuwa hajatabasamu tangu asubuhi kwa woga aliinama akacheka mpaka kikombe kikatikisika. Ilibidi Phares aeleze kila kitu, na Garissa na ukuta pia. Kufikia mwisho wa hadithi wale wazee wawili walikuwa wanapigana mabega kama watu waliosoma pamoja.

Kabla ya sala ya mwisho mjomba alisimama kufunga mazungumzo. Alishukuru kwa mapokezi, akasifu chakula. Kisha akamgeukia Phares. "Mzee, wewe ni fundi wa kuunga, kwa hiyo utanielewa. Huyu binti kuanzia leo ameungwa kwetu. Hatafunguka tena. Hata mambo yawe namna gani, huko ndiko kwake."

Alikuwa anasema kwa wema, na ndivyo wazee husema siku hizo, kwao Phares na kwingineko. Wote waliitikia amina. Phares alifungua mdomo aitikie, kisha akaufunga. Alimtazama binti yake aliyekuwa amekaa kando ya mama yake ameinamisha kichwa, akakumbuka grainda ikiwa imezimwa mkononi mwake na lile swali la Apondi. Hakuna aliyegundua kwamba hakuitikia, isipokuwa Apondi.

Harusi ilifanyika mwezi wa nane, kanisani, na ilikuwa nzuri. Kabla ya hapo Phares alikuwa ameanza oveni moja ambayo hakumwambia mtu ni ya nani. Ilikuwa ndogo kuliko za kawaida, na aliitengeneza polepole, akirudia kipande ambacho mteja yeyote angekipokea bila neno. Pembe za bati alizilainisha kwa tupa zisije zikamkata mtu mikono. Bolti alichagua za aina moja zote, ili ziweze kufunguliwa kwa spana mbili tu. Wala hakumwita Amondi kuja kuoka mkate wa kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza kazi yake kutoka kibandani haijaonjwa.

Siku ya Amondi kwenda Kibwezi walimsindikiza mpaka ofisi ya basi. Ndambuki alikuwa akishughulika na masanduku. Ile oveni ndogo ilikuwa imelala kwenye buti la basi chini ya mizigo mingine, imefungwa kwa mkanda, na mpakiaji alikuwa ameitoza nauli ya furushi la kawaida bila hata kuuliza ni nini. Phares alimvuta binti yake kando, akatoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na spana mbili.

"Ile sikuipitisha mshono," alisema. "Hata mahali pamoja."

"Nimeona, Baba. Nilikagua."

"Mlango wa huko una upana gani?"

"Sijapima."

"Haidhuru. Itaingia." Alivua miwani akaanza kuifuta, na aliifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ndambuki ni kijana mzuri. Nimemtafuta kosa nikachoka. Nakuombea uzeeke huko na meno yako yaishie huko. Lakini sikiliza. Ikitokea siku huko hakukaliki, usiningoje mimi, usingoje wazee wakae kikao. Hizi spana unazo. Fungua, funga mzigo, panda basi. Chini ya basi itaingia kama ilivyoingia leo. Sebule ina nafasi."

Amondi alimkumbatia baba yake shingoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni, na Phares alisimama wima na mikono yake pembeni, kisha ikapanda yenyewe ikamshika. Apondi aligeuka akaangalia magari.

Siku hizi Phares hatengenezi oveni isiyofunguka. Shamso anachukua nyingi kuliko zamani, zinalala chini ya kitanda na nyuma ya mlango wa kibanda zikingoja lori, na Garissa kuna watu wanaomwita Fundi Ukuta bila yeye kujua. Sebuleni hakuna hata moja. Kando ya ukuta, mahali zilipokuwa zikisimama, pamebaki patupu, na Apondi alikuwa amekwisha kuona kabati la vioo ambalo lingekaa hapo vizuri na vikombe vyake vya wageni.

Halafu kukaja kifurushi kwa basi kutoka Kibwezi. Ndani yake, kwenye gazeti na mfuko wa nailoni, kulikuwa na kipande cha mkate, cha pembeni, kilichoungua kidogo. Kilikuwa kimekauka kwa safari. Phares alikila akiwa amesimama pale pale katikati ya sebule, akatafuna bila haraka, na Apondi akangoja.

"Imekubali," alisema.

"Basi si niagize lile kabati?"

Phares aliutazama ule ukuta. "Kabati tutalitafutia mahali pengine, Mama Amondi," alisema. "Hapo paache tu."